Bastola ya Skrubu Moja

Kama uko jikoni, endelea na mapishi yako, mimi nitakusindikiza. Kama uko njiani, punguza mwendo kidogo unisikilize. Leo nina habari ya chuma, chuma kidogo cha kushika mkononi, kilichoanza kutengenezwa Ujerumani miaka zaidi ya 120 iliyopita. Ni bastola.

Najua kuna waliokwisha kushtuka: huyu leo kaingiwa na nini? Tulieni. Sizungumzii ujambazi wala vita. Nazungumzia ufundi. Nazungumzia namna mafundi wanavyoifungua bastola kongwe, wakaitibu, wakairudisha ilivyokuwa, na hasa bastola moja ambayo nzima nzima ina skrubu moja tu. Nirudie kwa aliyekuwa anaongeza sauti: skrubu moja. Na hiyo moja yenyewe haishiki chuma na chuma. Inashika vibao viwili vya mbao kwenye mpini, basi. Vilivyobaki vyote vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe.

Sasa nikuulize. Umewahi kumpelekea fundi pikipiki yako, akaifungua, akaifunga, ikawaka vizuri, halafu ukaona pale chini kwenye gunia kumebaki nati mbili na kijiwasha? Ukimwuliza anakujibu bila kupepesa, "Hizo hazina kazi, bosi." Na kweli unaondoka, na pikipiki inakwenda. Bastola ninayoisema haina utani wa namna hiyo. Kikibaki kipande mezani, ama haitafungika, ama itafungika na kuwa hatari kwa anayeishika kuliko kwa anayelengwa. Kwa nini iko hivyo? Hapo ndipo utamu wa habari ulipo, na ndipo tunapokwenda.

Kwanza tuifahamu. Inaitwa Mauser C96. Huenda umeshaiona bila kuijua jina. Mtutu wake ni mwembamba na mrefu, kisanduku cha risasi kimekaa mbele ya kifyatulio badala ya kujificha ndani ya mpini, na mpini wenyewe ni wa mviringo, ndiyo maana watu wa Uingereza na Marekani wakaibatiza jina la mpini wa ufagio. Waliotazama filamu za Star Wars wameiona mkononi mwa Han Solo, imepachikwa vikorokoro ili ionekane silaha ya anga za mbali.

Ilizaliwa katika mji wa Oberndorf, kwenye mto Neckar, kusini mwa Ujerumani. Kiwanda cha bunduki cha mji huo kilianzia ndani ya majengo ya monasteri ya zamani ya Waagostino, mwanzoni mwa karne ya 19. Ndiyo, mahali walipokuwa wakisali watawa, pakaanza kuchongwa mitutu. Waliobuni bastola yenyewe ni ndugu watatu wa ukoo wa Feederle: Fidel, Friedrich na Josef, waliokuwa wafanyakazi wa kiwandani. Hataza ilipotoka mwaka 1895, jina lililoandikwa lilikuwa la mwenye kiwanda, Paul Mauser. Mambo ya kazini hayo, nadhani wengi wenu mnayajua.

Kaizari Wilhelm wa Pili alionyeshwa bastola hii mwaka 1896, akaifyatua mwenyewe. Lakini jeshi lake halikuichukua kuwa bastola yake rasmi. Mwaka 1908 likachagua Luger. Mauser ikatafuta wateja kwingine ikawapata: Waturuki, jeshi la majini la Italia, na juu ya wote Wachina, ambao waliinunua kwa wingi na kuiiga katika karakana zao. Hadi kiwanda kinaacha kuitengeneza katika miaka ya 1930, zilikuwa zimetoka kama milioni moja.

Hata huku kwetu Afrika ilifika mapema. Winston Churchill, akiwa bado luteni kijana, aliteguka bega alipokuwa akishuka Bombay mwaka 1896, na tangu hapo mkono wake wa kulia haukutegemeka kwa upanga. Kwa hiyo tarehe 2 Septemba 1898, kwenye mapigano ya Waingereza na Wasudani huko Omdurman, ng'ambo ya Khartoum, alipanda farasi akiwa na Mauser badala ya upanga. Akatoka mzima. Wasudani waliouawa siku ile walikuwa maelfu, wengi wao kwa mizinga na bunduki za mashine kabla hawajamfikia adui. Nalitaja hilo makusudi, tusije tukaanza kuipenda bastola hii kupita kiasi. Tunapenda ufundi wake. Kazi yake tunaijua.

Haya, tuingie ndani ya chuma. Mauser hii ni bastola nusu otomatiki. Maana yake ni nini? Ukivuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja. Ukitaka ya pili, unavuta tena. Lakini katikati hapo kuna kazi nyingi ambazo hukuzifanya wewe: ganda tupu limetupwa nje, nyundo imerudishwa nyuma, risasi mpya imesukumwa chemba, yaani tundu inamokaa nyuma ya mtutu. Nani kazifanya? Ni ule mshindo wa risasi iliyotangulia. Nguvu inayosukuma risasi mbele ndiyo inayosukuma vyuma nyuma, na springi inavirudisha.

Hapo linakuja swali lililowakosesha usingizi wabunifu wote wa zama zile. Nyuma ya risasi kuna komeo la chuma linaloziba chemba. Baruti inapowaka, komeo hilo lazima likae limefungwa kabisa, la sivyo moto utamrudia mpigaji usoni. Halafu, kufumba na kufumbua, linatakiwa lifunguke lenyewe. Utakifungaje kitu hicho kikakaza, kisha kikajifungua bila mkono wa mtu?

Jibu la wale ndugu wa Feederle lilikuwa kijichuma kimoja kidogo chenye meno juu yake, nacho ndicho kifungio. Kinakaa chini ya komeo, meno yake yakiingia kwenye nafasi zilizochongwa tumboni mwa komeo. Risasi ikilipuka, mtutu na komeo vinarudi nyuma pamoja vikiwa vimeshikana, mwendo mfupi sana. Mwendo huo unatosha risasi kutoka mdomoni mwa mtutu na nguvu kupungua. Ndipo kifungio kinainama, meno yanatoka, na komeo linaachiwa liendelee peke yake. Ni hivyo tu. Kijichuma kinainama, kijichuma kinainuka.

Na kijichuma hicho, msikilizaji, hakishikwi na pini wala skrubu. Kinakaa mahali pake kwa sababu wenzake wamekizunguka. Ukiwaondoa wenzake, kinadondoka.

Sasa tuvute viti tukae kwenye meza ya fundi. Namsema fundi wa silaha mwenye kibali, au mhifadhi wa jumba la makumbusho, katika nchi ambako kazi hii ni halali. Ametandika kitambaa cheupe. Cheupe kwa nini? Ili pini ndogo ikianguka ionekane. Pembeni ana bisibisi moja, fito la mbao, visahani vya kuwekea vipande, na kamera. Kabla ya chochote anahakikisha bastola haina risasi: anatazama kisandukuni, anatazama chemba kwa jicho, kisha anaipapasa kwa kidole, maana jicho linaweza kudanganywa na giza. Mauser hujazwa kutokea juu, kwa klipu ya risasi 10, na risasi moja iliyokwama tangu enzi za babu inaweza kuwa bado imo.

Anabonyeza kitufe chini ya kisanduku, kifuniko kinateleza na kutoka, na springi ya risasi inaruka kama hukuiwekea kiganja. Kisha anairudisha nyundo nyuma, anabonyeza komeo dogo lililo chini yake, na hapo kitu cha ajabu kinatokea: sehemu yote ya juu, mtutu na mitambo, inateleza nyuma na kutoka kwenye kiunzi kwa mkupuo mmoja. Mkono mmoja una mtutu na mashine yote, mkono wa pili una kiunzi kitupu na mpini. Anageuza ile mashine, anaitenga na mtutu, na pale kisahanini unasikia mlio mdogo. Kile kifungio kimeanguka.

Kitazame kwa karibu. Ni kidogo, unaweza kukificha ndani ya ngumi ya mtoto. Kingo za meno yake zimeng'aa kwa kusuguana, na pale zinapong'aa panaonyesha mahali hasa chuma kimekuwa kikibeba mzigo miaka yote hiyo. Fundi mzuri husimama hapo. Anaangalia kama mng'ao uko sawa kwenye meno yote. Ukiwa upande mmoja tu, anajua mzigo umekuwa ukibebwa upande mmoja, na hana haja ya kuambiwa na mwenye bastola kwamba imewahi kufungwa vibaya.

Kuna kingine cha kukitazama. Komeo linazuiwa kwa nyuma na kipande chembamba kinachopita katikati yake, ambacho pia ndicho kinachoegemewa na springi ya ndani. Hicho kikiwa na ufa, hata ufa wa unywele, bastola hiyo haipigwi tena mpaka kibadilishwe. Komeo lisipokuwa na wa kulizuia, litakwenda nyuma, na nyuma kuna uso wa mtu.

Vipande vyote sasa viko mezani, na karibu kila kimoja kina namba. Namba kamili iko kwenye vyuma vikubwa, na tarakimu zake za mwisho zimegongwa kwenye vile vidogo. Kwa nini kiwanda kilijisumbua hivyo? Kwa sababu vipande vya enzi hizo, pamoja na kwamba vilichongwa kwa mashine, vilimaliziwa kwa mkono. Kulikuwa na mtu amekaa na tupa, akikilinganisha kipande hiki na kile mpaka vikaelewana. Kifungio cha bastola hii kinaweza kuingia kwenye bastola ile, lakini kikacheza, au kikabana. Namba ziliandikwa ili ndugu wasipotezane kiwandani.

Na leo zina faida nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Oberndorf iliangukia mikononi mwa Wafaransa. Kiwanda kilivunjwavunjwa na kumbukumbu zake nyingi zikateketezwa. Kwa hiyo fundi anayetaka kujua bastola fulani ilitengenezwaje, mara nyingi hana faili la kufungua. Anacho chuma chenyewe. Mikwaruzo ya tupa, alama za ukaguzi, tarakimu mbili nyuma ya nyundo, hizo ndizo karatasi zake. Naomba ulishike hilo, kwa sababu ndilo linaloamua mambo yote ya kutengeneza nitakayoyasema sasa hivi.

Tuanze na kurudisha. Kanuni ni rahisi kuitamka: kilichotoka mwisho kinaingia kwanza. Lakini kwenye Mauser kila kipande kinamfungia mwenzake mlango. Springi kuu moja inafanya kazi mbili: inaitupa nyundo mbele, na pia inausukuma mtutu urudi mahali pake. Ukiikosea pembe, unadhani umepata nyundo, kumbe umekosa mtutu. Kifungio nacho kinatakiwa kining'inie pale pale huku unaunganisha mashine na mtutu, na wewe una mikono miwili tu. Mtu mgeni atatoa jasho. Atajaribu, kitagoma. Atajaribu tena, kitagoma tena. Na hapo ndipo shetani anaponong'ona: gonga kidogo na nyundo.

Usigonge. Bastola hii ikiwa imepangwa sawa huingia kwa nguvu ya kidole gumba. Ikigoma, maana yake kuna kitu hakiko mahali pake, na nyundo haitakiweka mahali pake. Fundi mwenye adabu huitoa yote tena na kuanza upya. Na akishuku kwamba vipande viwili vinabanana, hachukui tupa. Anakishika kimoja juu ya moshi wa kibatari mpaka kipate masizi, anakiunganisha na mwenzake, anakitoa na kutazama masizi yamefutika wapi. Pale palipofutika ndipo wanapogusana. Ni njia ya kale, inagharimu mafuta ya taa ya senti chache, na mpaka leo mafundi wa bunduki wanaitumia.

Sasa kutengeneza. Hapa nina msimamo wangu nanyi mna ruhusa ya kubishana nami. Wengi wakipata kitu cha zamani chenye kutu, wazo la kwanza ni msasa. Sugua mpaka king'ae, kisha kipakwe rangi mpya. Kwa bastola kongwe huko ni kuiua mara ya pili. Msasa unapoondoa kutu unaondoa na alama, na zile tarakimu tulizosema ndizo karatasi zinafutika pamoja nazo. Wakusanyaji wanalijua hilo mfukoni: Mauser iliyochakaa ikiwa na rangi yake ya kiwandani ina thamani kuliko iliyong'arishwa jana.

Na ile rangi yenyewe si ya kupakwa kwa brashi. Weusi wenye usamawati wa mtutu ni kutu iliyolelewa kwa makusudi, ikasuguliwa na kuchemshwa, ikarudiwa mara nyingi mpaka ikatulia kuwa ngozi. Vipande vidogo vilipata samawati kali kwa njia ya moto. Chuma kilichosuguliwa kikipashwa polepole hubadilika rangi mbele ya macho yako: kwanza manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na karibu nyuzi 300 za Selsiasi kinakuwa samawati. Ukichelewa kukitoa, kinapauka kuwa kijivu, umekosa. Dirisha ni la sekunde chache. Aliyekaa Oberndorf akikitazama kile chuma hakuwa na kipimajoto cha kidijitali.

Kwa hiyo wahifadhi hufanya machache. Mafuta mepesi, subira ya siku kadhaa, kijiti cha mbao au sufu laini ya shaba nyeupe kwa kutu iliyo hai, kisha nta ya kuzuia hewa. Kuna nta moja iliyobuniwa na maabara ya British Museum mjini London katika miaka ya 1950, na mpaka leo inatumika kwenye majumba ya makumbusho. Nyinyi wa Mombasa, Tanga na Unguja mnajua chumvi ya bahari inavyokula mabati. Bastola ya makumbusho iliyoko pwani bila nta haina maisha. Springi zilizochoka hubadilishwa, hilo halina ubishi, lakini ile ya zamani haitupwi. Inatiwa kwenye kimfuko, inaandikwa jina, inahifadhiwa pamoja na bastola. Aje mwingine baada ya miaka 50 ajue kipi ni cha Oberndorf na kipi ni chetu.

Je, ifyatue tena? Huko Marekani wapo wanaozitengeneza ili wazipige viwanjani, na katika miaka ya 1980 ziliingia nyingi kutoka China, mitutu yake ikiwa imelika kabisa. Wauzaji wakachimba mitutu hiyo na kutia mirija mipya ndani yake, mara nyingi kwa risasi ya milimita 9. Zikafyatua. Mimi naona huo ni ufundi mzuri uliotumika mahali pasipofaa, kwa sababu alama za namna bastola zile zilivyopigana China zilikuwa mle mle mitutuni.

Na risasi nazo zina mitego yake. Mauser ya kawaida hutumia milimita 7.63. Risasi ya Kirusi ya Tokarev inafanana nayo karibu kila kipimo na inaingia bila taabu, ila mara nyingi imejazwa nguvu zaidi, na chuma cha mwaka 1900 hakikuahidiwa nguvu hiyo. Wajerumani wenyewe walilikuta tatizo la kuchanganya risasi katika Vita Kuu ya Kwanza, walipoagiza Mauser za milimita 9. Dawa yao? Waliichonga tarakimu 9 kubwa kwenye mbao za mpini, wakaitia rangi nyekundu, ili askari asikosee hata akiwa na usingizi.

Nimalizie na sheria, kwa sababu najua kuna anayejiuliza. Marekani, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla inahesabiwa na sheria ya taifa kuwa kitu cha kale. Kwa hiyo Mauser mbili zinazofanana kama pacha, moja ya 1898 na nyingine ya 1899, ya kwanza ni ya kale na ya pili ni silaha. Uingereza walizipiga marufuku karibu bastola zote mwaka 1997, baada ya mauaji ya watoto shuleni Dunblane, wakaacha tundu dogo kwa zile zenye thamani ya kihistoria.

Kwetu, Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kuwa na silaha kunataka leseni, na kuitengeneza ni kazi ya mwenye kibali. Kwa hiyo ukifungua sanduku la marehemu babu ukakuta chuma cha namna hii kimefungwa kwenye kitambaa, usikifungue, usikisugue, na usikitie mfukoni kukipeleka popote. Kiache hapo kilipo, watoto wakae mbali, uende kituo cha polisi kilicho karibu ukaeleze. Na ukiwaeleza, waombe kwa heshima kwamba kama ni ya zamani kweli, watu wa makumbusho waitwe waione kabla haijakwenda kuyeyushwa. Taja kwamba vipande vyake vina namba.